Ukuta Unapovuliwa Gamba

Mvua ya mawe ikipiga nyumba ya Mkenya anayeishi Minnesota, asubuhi yake huizunguka kwa nje akikagua saidingi. Akiikuta imetoboka, huipigia simu kampuni ya bima, na baada ya wiki kadhaa mafundi hufika, wakaibandua ile ya zamani na kupigilia mpya. Sasa mtu huyu amwandikie shemeji yake wa Kitengela kwamba mwezi huu hela za ploti hazitakuja kwa sababu anabadilisha saidingi. Ujumbe utafika, maana itabaki njiani. Shemeji atamsomea fundi wake, na fundi atauliza: "Hiyo ni plasta ama ni mabati?"

Swali la fundi lina akili. Saidingi ni neno lililozaliwa na jina la Kiingereza la ubavu, na huko Amerika Kaskazini ndilo jina la kitu kinachofunika mbavu za nyumba kwa nje. Nyumba nyingi za kule zina mifupa ya mbao. Juu ya mifupa hupigiliwa bodi, juu ya bodi hutandikwa utando mwembamba unaozuia maji ya mvua huku ukiuachia mvuke utoke, halafu ndipo huja saidingi yenyewe: vipande virefu, vyembamba, vilivyolazwa hivi kwamba cha juu kinapanda mgongo wa cha chini. Zamani vilikuwa vya mbao. Vikaja vya aluminiamu, vikaja vya plastiki ya vinili iliyoingia sokoni mwishoni mwa miaka ya 1950, na sasa viko pia vya saruji iliyochanganywa na nyuzi. Hakuna hata kimoja kinachobeba paa. Vibandue vyote, na nyumba itabaki imesimama, uchi lakini imara.

Kitengela, ukibandua ukuta umebomoa nyumba.

Mji huu wa kaunti ya Kajiado, ulio kando ya barabara ya Namanga kwenye mbuga za Athi, ulihesabiwa kuwa na watu zaidi ya 150,000 katika sensa ya 2019, na wengi wao waliufuata kwa sababu ya ploti. Jirani yake ni Athi River, mji wa saruji, ambako kiwanda cha East African Portland Cement kimekuwa kikisaga tangu miaka ya 1950. Haishangazi basi kwamba fundi wa hapa akisikia ukuta huona jiwe lililochongwa kwa mashine, likapangwa kwa saruji, likatiwa vyuma, likasimama lenyewe. Katika ukuta wa namna hiyo mfupa na ngozi ni kitu kimoja. Mtu haulizi jina la kitu kisichotengana na kingine.

Ila ipo nyumba ya pili Kitengela, na hiyo ndiyo inayofaa kuchunguzwa. Ni ile ya mabati matupu: nguzo za mbao, mbao za kulala, na mabati yaliyopigiliwa kuanzia chini hadi kwenye paa. Wengi huijenga ili wakae kwenye ploti huku wakikusanya pesa za jiwe, kisha miaka kumi ikapita na jiwe halijafika. Mtu wa Minnesota akiiona atasema nyumba hii yote ni saidingi, naye atakuwa hajakosea hata kidogo. Bati la migongo lilipewa hataza London mwaka 1829, kwa jina la mhandisi Henry Robinson Palmer. Reli ya Uganda ililitumia kwa wingi kwenye majengo yake, na mnamo miaka ya 1910 reli ya Magadi, ikitokea Konza, ikapita katikati ya Kajiado. Kwa hiyo Kajiado imeishi na ukuta wa kuvishwa kwa miaka mia na zaidi bila kuupa jina lake. Watu husema "nyumba ya mabati", na kwa kusema hivyo wametaja malighafi, hawajataja kazi yake.

Nyumba ya tatu ndiyo iliyoleta neno jipya mjini. Ni ya jiwe kama ile ya kwanza, lakini mwenyewe amepata pesa akataka uso wa mbele upendeze. Anaagiza jiwe la mazeras, lile la mchanga mgumu lililopata jina kutoka mji wa Mazeras ulio kwenye barabara ya kuingia Mombasa, linabandikwa kwa saruji na kupakwa vanishi. Au ananunua vigae vyembamba, au paneli zenye mifereji zilizoigizwa mbao. Kazi hii watu wa mjengo wanaiita kladingi. Neno limeshakubalika: yuko fundi wa kladingi, kuna bei ya kladingi kwa mita ya mraba, na kuna ukuta uliopigwa kladingi. Kosa lake ni kwamba halielezi kitu. Mteja wa kawaida akilisikia huelewa "urembo", na akishaelewa hivyo huchagua kwa rangi.

Kiswahili hakikuwa maskini katika jambo hili. Kuaka ni kujenga kwa mawe, na ndiko alikotoka mwashi. Kukandika ni kujaza udongo kwenye fito mpaka kiambaza kikamilike. Kutomea ni kuziba na kusawazisha uso wa ukuta kwa vijiwe na chokaa. Kinachoitwa plasta Nairobi huitwa lipu Dar es Salaam. Lakini tazama maneno yote haya: ni ya kitu kibichi kinachopakwa, kikashika, kikawa mwili mmoja na ukuta. Saidingi haipakwi. Hutundikwa kavu, na siku yake ikifika huvuliwa kavu. Ndiyo maana kuiita lipu ya nje, kama baadhi ya wafasiri wanavyofanya wakibanwa na muda, ni kumpoteza msomaji kabla hajaanza.

Vipi kuhusu vazi? "Vazi la ukuta" ni tamko zuri, na linafaa kwa kladingi kwa upana wake, kwa sababu vazi laweza kuwa la jiwe, la kigae au la bati. Mwandishi wa makala haya hana ugomvi nalo. Tatizo linakuja unapotaka jina la kile kipande kimoja kinachonunuliwa hadiwea. Huwezi kuuza mavazi mia na arobaini kwa ukuta mmoja.

Yabaki maneno matatu ya viumbe: gome, ganda na gamba. Gome ni la mti. Hukua pamoja na mti, na ukilichuna mzunguko mzima mti unakufa. Hilo ni ukuta wa jiwe, si saidingi. Ganda ni la yai, la chungwa, la karanga. Huzunguka kitu kizima bila kiungo, na kulitoa ni kulivunja. Gamba ni la samaki, la nyoka, la kakakuona. Gamba halikai peke yake: yapo magamba, na yanapandana. Kila moja limeshikwa upande mmoja na kuachwa huru upande wa pili, ndiyo sababu maji hayapiti chini yake na mnyama bado anajipinda. Likichakaa, huvuliwa. Mtu aliyetazama ukuta wa mbao za kupandana kule Marekani, kisha akamtazama kakakuona, hahitaji kamusi.

Pendekezo basi ni hili: kladingi iwe vazi la ukuta, na saidingi iwe magamba ya ukuta. Umoja ni gamba, vitenzi ni kuvika na kuvua, na ngeli haisumbui mtu: gamba limepasuka, magamba yamepasuka.

Kuna pingamizi la kisiasa, nalo linachekesha. Mwaka 2011 chama tawala cha Tanzania, CCM, kilitangaza azma ya kujivua gamba, yaani kuwaondoa viongozi waliokuwa wakikitia doa. Tangu hapo msemo huo ukisikika upande wa pili wa Namanga watu hutabasamu. Lakini tabasamu hilo ni ushahidi kwamba neno limeeleweka: mwili uleule, sura mpya. Mwenye nyumba anayebadilisha saidingi anafanya hivyohivyo, na pengine kwa uaminifu zaidi.

Wazo lenyewe halikuletwa na meli. Pwani, makuti hushonwa kwenye ufito, yakapangwa kuanzia chini kwenda juu, kila safu ikilala juu ya nyingine, na baada ya misimu kadhaa huondolewa yote na kusukwa upya huku boriti zikibaki palepale. Kajiado kwenyewe, enkaji, yaani nyumba ya Wamaasai, ina mifupa ya matawi yaliyopindwa, na mwanamke aliyeijenga ndiye anayeipaka udongo na samadi ya ng'ombe. Mvua ikiufungua ufa, anapaka tena. Hii ya mwisho ni ya kupaka, si ya gamba. Lakini inafundisha lile ambalo nyumba ya jiwe imewasahaulisha watu, kwamba sehemu ya nje ya nyumba ina umri wake, mfupi kuliko wa mifupa.

Na nje kidogo ya mji, kuelekea mpaka wa Mbuga ya Taifa ya Nairobi, iko Kitengela Glass, karakana iliyoanzishwa na msanii Nani Croze mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kuta za kule zimefunikwa vipande vya vioo na vigae vilivyovunjika, rangi juu ya rangi, hata pembe iliyonyooka ni shida kuipata. Hilo ni vazi la ukuta kwa maana kamili. Lakini si gamba, kwa kuwa hakuna kipande kinachompanda mwenzake.

Tofauti ya jina ina faida sokoni. Anayenunua urembo huuliza rangi. Anayenunua gamba huuliza limeshikwa na nini, limepandana kwa kiasi gani, na nyuma yake kuna nini. Swali hilo la tatu lilipata uzito wa kutisha London tarehe 14 Juni 2017, jengo la ghorofa la Grenfell Tower lilipoungua na watu 72 kufa. Jengo lilikuwa la zege. Vazi lake, lililowekwa katika ukarabati uliokamilika mwaka uliotangulia, lilikuwa la paneli za aluminiamu zenye kiini cha poliethilini, na moto ulipanda kwa nje kupitia vazi hilo. Paneli za aluminiamu zenye kiini zinang'aa sasa kwenye vituo vya petroli na maduka katika miji mingi ya Kenya. Viini vyake havifanani: vipo vya plastiki tupu na vipo vilivyojazwa madini yasiyoshika moto kwa urahisi. Kwa macho, mtu akiwa barabarani, hawezi kuvitofautisha.

Kitengela ina maswali yake pia. Sehemu kubwa ya mji imekaa juu ya udongo mweusi wa mfinyanzi, ule unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka. Fundi makini huchimba mpaka amalize udongo huo ndipo aweke msingi. Asipofanya hivyo ukuta utacheza, na vigae vilivyobandikwa kwa saruji havijui kucheza: vitadondoka kimoja baada ya kingine. Gamba lililotundikwa kwa skrubu linavumilia zaidi. Kisha maji. Visima vingi vya hapa hutoa maji ya chumvi, na saruji iliyokorogwa kwa maji hayo hutoa unga mweupe usoni mwa ukuta. Vanishi juu ya mazeras huishia kuufungia unga huo ndani, ikabambuka. Bati nalo huanza kuliwa palipokatwa, kwa sababu hapo chuma kimebaki bila zinki au rangi ya kukilinda. Geji husomwa kinyume, jambo linalowaponza wengi: 28 ni nene kuliko 30, na 32 ni nyembamba kuliko zote mbili.

Kuhusu vinili, aliye Minnesota asishawishike kuituma kwa kontena. Hulegea joto linapokaribia nyuzi 70 za Selsiasi, na kule kwao imeshajikunja mara nyingi kwa kuegeshewa jiko la kuchomea nyama. Kitengela, mji ambao mbuzi wa kuchoma ni karibu dini, ukuta huo hautamaliza Krismasi mbili.

Bati la rangi, likiwekewa nafasi ya hewa na utando nyuma yake, ndilo gamba linalopatikana kwa urahisi zaidi hapa, na kwa maoni ya mwandishi ndilo linalostahili kufikiriwa kwanza na mtu mwenye nyumba ya nguzo. Bati tupu lililopigiliwa moja kwa moja kwenye mbao huchoma adhuhuri, na asubuhi za Julai hutiririsha jasho kwa ndani. Nafasi ya sentimita chache hupunguza yote mawili.

Kwa lugha inayopendekezwa, hati ya bei ya fundi wa Kitengela ingeandikwa hivi: kuvua magamba ya zamani upande wa magharibi, kukagua nguzo na kubadilisha zilizoliwa na mchwa, kutandika utando, kuvika magamba mapya ya bati la geji 28 kuanzia chini, kufunika pembe nne. Na shemeji, akishaisoma, angeweza kumjibu yule wa Minnesota: "Pole kwa mvua ya mawe. Wanavua magamba ya pande zote, ama ni ule ubavu uliopigwa tu?"