Sarafu 43, jedwali moja, na swali la "nani kasema?"

Hifadhidata ndogo kuliko zote nilizowahi kuunda ina mistari 43 tu. Haina wateja, haina malipo, haina nywila za kusahauliwa. Ni orodha ya sarafu za zamani zilizokuwa ndani ya kopo la Kimbo kwa nyanya yangu kule Voi, nami nimekaa nayo muda mrefu kuliko kazi nyingi nilizolipwa. Wale mnaokuja hapa kwa ajili ya programu msiondoke, programu zimo. Ila leo historia ndiyo inayotangulia na tarakilishi inafuata nyuma.

Sababu ya haraka ni hii. Nyanya ana miaka 88, na wajukuu tumekubaliana kwamba sarafu zigawanywe, kila mmoja apate zake za ukumbusho. Sina neno na hilo. Lakini zikishatawanyika Nairobi, Mombasa na Doha aliko binamu yangu, hakuna atakayejua tena kwamba ziliwahi kuwa pamoja, wala ni nani aliyeileta ipi. Basi nikaomba nipewe miezi miwili kabla ya mgawo, nikaanza kuandika.

Mtu yeyote aliyeunda hifadhidata anajua swali la kwanza: kila mstari utatambulishwa kwa nini? Jibu linalokuja mdomoni ni thamani na mwaka. Shilingi moja, 1942. Kwisha. Sasa chukua shilingi mbili za Afrika Mashariki za mwaka huo uzimulike kwa tochi ya simu, taa ikitoka ubavuni. Moja ina herufi ndogo sana H, nyingine ina I. H ni kiwanda cha Heaton kule Birmingham, Uingereza. I ni Bombay. Ukifika 1944 utakuta H tena, lakini pia SA, yaani Pretoria, na za 1945 na 1946 ni SA. Shilingi ni ileile, simba yuleyule mbele ya milima, bali vita vya pili vya dunia vilikuwa vimeisambaza kazi ya kugonga fedha yetu katika mabara matatu. Hiyo herufi usiyoiona bila tochi ndiyo ramani ya vita.

Kwa hiyo tunaongeza safu ya kiwanda. Je, yatosha? Haitoshi, kwa sababu kopo lina senti kumi tatu za mwaka mmoja na kiwanda kimoja, na kila moja ilifika nyumbani kwa njia yake. Ndiyo maana nilizipa namba tupu, 001 mpaka 043, zisizo na maana yoyote. Wataalamu wana namba zao pia. Wamarekani wawili, Chester Krause na Clifford Mishler, walitoa katalogi yao ya sarafu za dunia mwaka 1972, na namba za KM zinatumika hadi leo. Nimeziwekea safu. Lakini namba ya KM hutambulisha aina ya sarafu, si kipande ulichoshika mkononi. Ni kama jina la gari na namba ya usajili: Probox ni nyingi barabarani, ila iliyokugonga ni moja.

Safu ya mfalme nayo ina vituko vyake. Edward wa Nane alikalia kiti cha Uingereza mwaka 1936 kwa muda usiofika mwaka, akajiuzulu Desemba kabla hajatawazwa. Kule kwao sarafu zenye sura yake hazikuwahi kuingia sokoni. Huku kwetu ziliingia! Senti tano na senti kumi zilikuwa na tundu katikati, kwa hiyo hazikuwa na nafasi ya kichwa cha mtu, ila jina tu pembeni, na zikawa zimeshagongwa. Senti kumi ya Edward ya mwaka huo ipo yenye H, ipo yenye KN ya kiwanda cha King's Norton, na ipo isiyo na herufi. Yaani mama aliyefunga senti zake kwa uzi sokoni alikuwa na kitu ambacho tajiri wa London hakuwa nacho mfukoni. Ninayo moja, namba 022, na si ghali hata kidogo. Ninaipenda tu.

Tarehe ndizo zilizonifurahisha zaidi, kwa sababu waunda programu tunajidai kwamba tumemaliza mambo ya tarehe. Pesa ya shaba ya Sultan Barghash wa Zanzibar imeandikwa 1299. Huo ni mwaka wa Hijria, ulioanza Novemba 1881 na kuishia Novemba 1882. Paisa ya Mombasa ya Imperial British East Africa Company ina 1888 na pia 1306, kalenda mbili katika kipande kimoja cha shaba. Ukiweka safu ya tarehe ya kawaida, programu itakukatalia, au vibaya zaidi, itakubali 1299 na kumweka Barghash karne sita kabla ya wakati wake. Mimi nimeweka safu mbili: ya kwanza ni maandishi, kama yalivyo kwenye sarafu, bila kugusa hata nukta, ya pili ni namba ya kupangia. Kwa makadirio, zidisha mwaka wa Hijria kwa 0.97 kisha ujumlishe 622. Na safu ya pili iruhusiwe kubaki tupu, maana zipo sarafu zisizo na mwaka kabisa. Za shaba za masultani wa Kilwa zina jina la sultani na maneno ya kumtegemea Mungu, ila mwaka hazina, na wasomi wamebishana juu ya nani alimfuata nani tangu John Walker alipoandika juu yake mwaka 1936.

Halafu kuna neno "senti", ambalo linadanganya watu wazima. Rupia ilikuwa na paisa 64, kisha tangu 1905 ikawa na senti 100. Serikali ilikuwa imeshaleta kodi ya nyumba mwaka 1901, ikihesabiwa kwa rupia, na hapo ndipo kaya nyingi za bara zilipolazimika kutafuta sarafu kwa mara ya kwanza. Rupia hiyo ilikuwa sawa na shilingi 1 na peni 4 za Uingereza. Mwaka 1920 ikapandishwa hadi shilingi 2, ikaitwa florini, na mwaka uliofuata florini nayo ikaondolewa na kuletwa shilingi ya Afrika Mashariki. Aliyekuwa na deni la rupia alilala na kuamka deni limepanda kwa nusu yake, ukilipima kwa fedha ya Uingereza. Na senti kumi ya zamani, iliyokuwa sehemu ya kumi ya rupia, haikuwa sawa na senti kumi mpya, sehemu ya kumi ya shilingi. Zote mbili zina tundu, zote zimeandikwa kumi. Bila safu ya "mfumo wa fedha" jedwali langu lingekuwa linajumlisha maembe na mawe.

Za Kenya huru ni rahisi kwa kulinganisha. Zilianza 1966. Za Mzee Kenyatta za miaka ya mwanzo hazina maneno kuzunguka kichwa chake. Kuanzia 1969 zinayo. Senti 25 ilikoma 1973, ndiyo maana vijana hamjaiona. Kisha Moi, kisha shilingi 40 ya Kibaki ya 2003, kisha Katiba ya 2010 ikapiga marufuku sura ya mtu yeyote, na Desemba 2018 wakaja twiga, kifaru, simba na ndovu. Tuendelee.

Kuhifadhi. Kabla ya yote, tafadhali, usioshe. Binamu yangu mmoja alikuwa tayari na limau na jivu, na tulimzuia mlangoni. Asidi ya limau haiondoi uchafu peke yake. Inakula ngozi ya juu ya sarafu, pale palipo na michoro, na ngozi hiyo hairudi. Vumbi litoke kwa maji safi, ukaushe kwa kupapasa na kitambaa laini bila kusugua. Shika sarafu ukingoni.

Hapa pia historia imetutangulia. Mwaka 1907 serikali ya East Africa na Uganda ilitoa senti moja ya alumini, miongoni mwa sarafu za kwanza za alumini kutumika duniani. Ilikuwa nyepesi na ya bei nafuu, wazo la kisasa kabisa. Hewa ya huku haikukubaliana nayo, hasa unyevu, ikaanza kulika na kufanya madoa. Kufika 1909 senti zikarudi katika mchanganyiko wa shaba na nikeli. Ninazo mbili za alumini, zimejaa vijishimo kama uso wenye ndui, na zimekaa peke yake, kwa sababu alumini ikigusana na shaba penye unyevu huoza haraka zaidi.

Kwa nyingine kanuni ni chache. Mifuko laini ya plastiki ya PVC, ile yenye harufu ya pazia la bafu, hutoa baada ya miaka utando wa kijani unaonata, na utando huo unatafuna shaba. Tumia polista au polithini. Mpira wa kufungia noti na magazeti vina salfa, navyo hufanya fedha kuwa nyeusi. Kumbuka kwamba shilingi za 1921 hadi 1946 zina robo ya fedha halisi, za 1948 kuendelea hazina. Vile vipakiti vya chembechembe vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu usivitupe, vinafyonza unyevu. Mimi nimetumia vikadi vyenye dirisha la polista, namba ikaandikwa kwa penseli kwenye kadi kabla sarafu haijaingia, na sanduku la plastiki gumu lenye kifuniko. Picha mbili kwa kila moja, kando ya rula, na jina la faili ni namba yenyewe: 022_mbele, 022_nyuma. Sifuri za mbele zisiachwe, la sivyo 10 itapangwa kabla ya 2. Data yote iko katika faili ya CSV, maandishi matupu, inayofunguka hata kwa programu ambayo bado haijaandikwa.

Sasa safu iliyobaki, ambayo ndiyo sababu ya kuandika haya yote.

Mwaka 1944 askari wa Australia aliyeitwa Maurie Isenberg aliokota sarafu 9 mchangani katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa nchi yake. Akazitia kwenye kopo, akaziacha huko. Mwaka 1979 ndipo alipozipeleka kwa wataalamu, wakamwambia kwamba nne ni za Waholanzi na tano ni za Kilwa. Kilwa yetu, pwani ya Tanzania, ng'ambo ya bahari yote ya Hindi! Mpaka leo watu wanabishana zilifikaje. Lakini wana la kubishania kwa sababu moja: Isenberg alikuwa ametia alama ya X kwenye ramani, pale alipoziokota. Bila ile X zingekuwa sarafu tano za shaba zilizochakaa ambazo mtu fulani alikuwa nazo nyumbani.

Namba 017 katika jedwali langu ni heller 20 za Deutsch-Ostafrika. Heller za kawaida ziligongwa Berlin na Hamburg, zina A au J. Hii ina taji, herufi D.O.A., 1916, na T. T ni Tabora. Wakati wa vita vya kwanza Waingereza walikuwa wamefunga bahari, sarafu kutoka Ujerumani hazikufika, basi Wajerumani wakagonga zao Tabora katika karakana ya reli, za shaba nyekundu na za shaba ya manjano iliyotoka kwenye maganda ya makombora. Kazi ilikuwa ya haraka, mihuri ikavunjika ikachongwa upya, kwa hiyo utakuta taji kubwa na taji dogo. Tabora ikaanguka mikononi mwa Wabelgiji Septemba 1916.

Hayo yote sarafu inayasema yenyewe, au vitabu vinaisemea. Nyanya anasema kitu kingine: kwamba baba yake alichukuliwa kuwa hamali wa jeshi, katika lile Carrier Corps lililoacha majina ya Kariokor hapa Nairobi na Kariakoo kule Dar es Salaam, na kwamba alirudi na vitu viwili, kikohozi na kipande hiki cha shaba. Hakuna herufi inayothibitisha hilo. Ingeweza kununuliwa sokoni miaka ishirini baadaye.

Kwa hiyo jedwali lina safu mbili pembeni. Moja ni "ilikotoka". Nyingine ni "nani kasema, lini". Katika 017 ya pili inasomeka: nyanya, alivyosikia kwa baba yake mwenyewe, imerekodiwa kwa simu, dakika sita, na jina la faili la sauti. Sikuandika "kweli" wala "hadithi". Atakayesoma miaka hamsini ijayo ataamua, akiwa na sauti yake masikioni.

Mistari 32 imejaa. Kwa ile 11 iliyobaki, nyanya ametazama picha, akatikisa kichwa, akasema hizo ziliingia nyumbani kabla yeye hajapata akili, na anayezijua ni dada yake mkubwa aliye Taveta. Dada huyo haoni vizuri, kwa hiyo Jumamosi hatupeleki picha. Tunapeleka sarafu zenyewe, azishike.