Jina la Kitabu na Haki ya Lugha: Mifano Miwili kutoka Nyanza Kusini

Kanuni za kutaja vitabu katika maandishi ya kitaaluma zimetufikia zaidi kwa njia ya Kiingereza. Jina la kitabu huandikwa kwa herufi za mlazo, au hupigwa mstari chini yake katika mswada wa taipu. Jina la makala hutiwa ndani ya alama za kunukuu. Ugumu hutokea mtaalamu anapotaja, kwa Kiswahili, kitabu cha lugha ya tatu. Makala haya yanalichunguza suala hilo kwa kutazama vitabu viwili vinavyohusu nchi ambayo leo ni kaunti za Homa Bay na Migori, na ambayo zamani ilikuwa katika wilaya ya South Nyanza.

Mwaka 1938 Paul Mboya, chifu wa Karachuonyo, alitoa *Luo Kitgi gi Timbegi*, kitabu cha desturi za Waluo kilichoandikwa kwa Dholuo. Katika jina hilo, *kit* ni tabia au desturi, na *timbe* ni matendo. Kiambishi *-gi* kinachofuata kila moja ni ‘yao’. Lakini *gi* ya katikati ni neno kamili, lenye maana ya ‘na’. Kwa hiyo anayeitenga kila *gi* ameivuruga sarufi, na anayeipa *gi* ya katikati herufi kubwa amekifanya kiungo kuwa sawa na nomino.

Aidha, wako wanaotosheka na tafsiri, ‘Mila za Waluo’. Hasara hapa ni mbili. Kwanza, msomaji hatakipata kitabu maktabani kwa jina hilo. Pili, limepotea neno ‘yao’: Mboya, Mluo anayewaandikia Waluo, aliwataja watu wake kwa nafsi ya tatu. Jambo hilo lastahili kuchunguzwa, na tafsiri imelifuta.

Mfano wa pili ni wa mwaka 1979, H. O. Ayot alipochapisha *A History of the Luo-Abasuba of Western Kenya*. Wasuba, ambao lugha yao ya asili ni ya Kibantu, wengi wao wamekwisha kuchukua Dholuo. Kistari kilichomo katika jina hilo, basi, ni hoja ya kihistoria. Anayelifupisha jina kwa kuacha upande mmoja amekwisha kukata shauri juu ya utambulisho wa watu kabla ya kusoma ukurasa wa kwanza.

Kutokana na mifano hiyo twapendekeza mambo matatu. Jina liandikwe kama lilivyo katika lugha yake. Herufi kubwa zifuate kitabu chenyewe, wala si desturi ya Kiingereza. Na tafsiri ya Kiswahili, ikihitajika, ifuate mara moja tu, katika mabano na kwa herufi za kawaida. Kiswahili, ambacho chenyewe kimedai kwa muda mrefu heshima katika vyuo vyetu, hakina budi kuzitendea haki lugha jirani.