Namugongo na Maneno ya Mashahidi

Mtu atokaye Kampala akielekea kaskazini-mashariki hufika Namugongo kabla hajamaliza maili 10. Hapo limesimama jengo ambalo mgeni hawezi kulifananisha upesi na kanisa lo lote alilozoea kuliona. Halina mnara, wala madirisha marefu yenye ncha. Paa lake lashuka pande zote kutoka kileleni mpaka karibu na ardhi, kwa mfano wa nyumba ya msonge ya Kiganda, nalo limezungukwa na nguzo 22. Hesabu ya nguzo hizo ndiyo hesabu ya mashahidi Wakatoliki wa Uganda. Aliyechora ramani ya jengo ni Mswisi, Justus Dahinden. Papa Paulo wa Sita alifika mahali hapa mwaka 1969, katika safari ya kwanza ya Papa aliye madarakani kuja Afrika. Kanisa lilitabarukiwa tarehe 3 Juni 1975, na mwaka 1993 likapewa cheo cha basilika. Wako wasemao kwamba kwa mbali lafanana na hema kuliko msonge, na maneno yao si ya kupuuzwa. Lakini mtu akiisha kuingia ndani, akaketi katika ile duara akitazama katikati, hufahamu mara moja kwamba yumo katika nyumba ya Kiafrika.

Altare yenyewe imewekwa mahali ambapo, kwa mapokeo, Karoli Lwanga alichomwa moto tarehe 3 Juni 1886. Chini ya basilika liko ziwa dogo, na ndani yake kisiwa chenye altare ya pili chini ya paa. Huko ndiko Misa ya kila tarehe 3 Juni husomwa, kwa kuwa basilika haiwezi kuchukua zaidi ya watu elfu moja hivi, na wajao siku hiyo hujaza miteremko yote. Mwendo mfupi kutoka hapo wako Waanglikana na mahali pao pa kumbukumbu, kwa maana vijana wao waliteketezwa siku ile ile, katika moto mmoja na wenzao Wakatoliki.

Habari za mauaji hayo zimeandikwa mara nyingi. Kitabu cha J. P. Thoonen kilitoka mwaka 1941, na kile cha J. F. Faupel mwaka 1962, miaka miwili kabla ya mashahidi hao kutangazwa watakatifu mjini Roma tarehe 18 Oktoba 1964. Lakini waandishi hao walikuwa wakitafuta ushuhuda wa imani, na hawakuwa na sababu ya kukaa sana juu ya swali ambalo mchunguzi wa lugha hawezi kuliepuka anaposimama Namugongo: vijana hawa wa ua la Kabaka waliisikia dini kwa lugha gani? Jibu lake si gumu, ila limesahauliwa, na kusahauliwa kwake kumekuwa na matokeo katika Uganda mpaka leo.

Yatupasa kurudi nyuma miaka arobaini kabla ya moto ule. Wafanya biashara wa pwani, Waarabu na Waswahili, walianza kufika Buganda katika miaka ya 1840, zamani za Kabaka Suna. Ahmad bin Ibrahim alikuwa mmoja wa watu wa kwanza kusema na Suna juu ya Mwenyezi Mungu. Mutesa, aliyetawala tangu 1856 hata 1884, alikwenda mbali zaidi ya baba yake: alijifunza kusoma, akafunga Ramadhani miaka kadhaa, akaamuru watu wake wafuate, na Kiswahili kikawa lugha ijulikanayo barazani pake. Kwa hiyo Stanley alipofika mwaka 1875 hakuhitaji kutafuta lugha mpya ya kumwelezea Kabaka habari za Ukristo. Robert Feruzi, kijana aliyesomeshwa na misioni ya Unguja, pamoja na Idi, mwandishi wa Mutesa, waliandika kwa Kiswahili muhtasari wa Biblia. Stanley alipoondoka alimwacha Dallington Maftaa, naye pia mwanafunzi wa misioni hiyo ya Unguja, amsomee Kabaka. Basi mwalimu wa kwanza wa Ukristo aliyekaa katika ua la Buganda hakuwa Mzungu. Alikuwa Mwafrika aliyesoma Unguja, na chombo chake kilikuwa Kiswahili.

Wamisioni wa Kianglikana waliingia mwaka 1877, na Alexander Mackay akawafuata mwaka 1878. Padre Siméon Lourdel wa Mapadre Weupe, pamoja na Bruda Amans, walishuka pwani ya ziwa karibu na Entebbe mwezi Februari 1879, baada ya safari ndefu iliyoanzia Bagamoyo. Wote hao walipita njia ya misafara, na katika njia hiyo hapakuwa na lugha ya kumfaa mgeni ila Kiswahili. Mackay alisoma na kubishana mbele ya Mutesa kwa lugha hiyo. Waganda walimwita Lourdel kwa jina la Mapera, nalo si neno jingine ila lile la Kifaransa ambalo kwalo padre huitwa baba, likiwa limevikwa sauti za Kiganda. Na tuangalie kwamba r imebaki baada ya e, kama kanuni ya lugha hiyo inavyotaka.

Kanuni hiyo ya r na l yafaa kutumiwa kama taa. Wafuasi wa misioni mbili walipogawanyika, wale wa Kikatoliki waliitwa Bafalansa na wale wa Kiprotestanti Bangereza. Neno Bangereza halikutoka kinywani mwa Waingereza, ambao hawajiiti hivyo; ni neno la Waswahili, walilolipata kwa Wareno, likapanda bara pamoja na misafara. Katika Bafalansa r ya Wafaransa imegeuka kuwa l kwa sababu yafuata a. Ndiyo kusema kwamba hata majina ya mafarakano yao Waganda waliyapokea kutoka pwani.

Mfano ulio bora zaidi ni omusaalaba. Kiarabu husema salib, na silabi ya pili ina sauti ya i. Kiswahili kimesema msalaba, nacho peke yake kimeweka a mahali pa i. Kiganda kina a. Haiwezekani basi kudai kwamba Waganda walilichukua neno hilo kwa Waarabu wenyewe. Lilipita kwanza katika kinywa cha Mswahili. Neno ekitabo halina nguvu sawa katika ushahidi, maana lugha yo yote ya Kibantu ingaliweza kuikata ki- ya Kiarabu na kuifanya kiambishi; lakini laenda pamoja na eddiini, malayika na ssitaani, na kundi hilo zima lina sura ya Kiswahili. Juu ya yote liko okusoma. Katika Buganda ya miaka ile kusoma hakukuwa kazi ya macho tu. Abasomi ndilo lililokuwa jina la watu wa dini mpya, Waislamu na Wakristo pamoja, na mtu aliyesema kwamba anasoma alikuwa ameungama imani yake. Wengi wa waliouawa Namugongo waliuawa kwa kuwa wasomaji.

Maisha ya Matia Mulumba yaonyesha njia hiyo yote katika mtu mmoja. Alizaliwa Busoga, akawa Mwislamu, akasoma kwa Waprotestanti, kisha akageukia kwa Mapadre Weupe na kubatizwa mwaka 1882. Mwishoni mwa mwaka huo mapadre waliondoka Buganda wakaenda kusini ya ziwa, ambako walijenga misioni ya Bukumbi karibu na Mwanza. Hawakurudi mpaka 1885. Katika miaka hiyo hapakuwa na padre hata mmoja. Waliofundisha walikuwa Mulumba, Andrea Kaggwa, Yosefu Mukasa Balikuddembe na wenzao. Huu ndio wakati ambapo dini ilitoka katika lugha ya wageni ikaingia katika lugha ya nyumbani, na yawezekana kwamba ingalichelewa kama mapadre wasingaliondoka.

Hapa inafaa kuweka mpaka wa hoja. Mtu asidhani kwamba Karoli Lwanga na wenzake walikwenda motoni wakisali kwa Kiswahili. Mapadre Weupe waligeukia Kiganda mapema sana, na sarufi ya Kiganda ya Padre Livinhac ilitoka Paris mwaka 1885. Kiswahili kilikuwa njia, hakikuwa nyumba. Hata hivyo njia hiyo haikufutika mara moja. Vijana watatu wa Kianglikana waliouawa tarehe 31 Januari 1885, mwaka mmoja na zaidi kabla ya moto wa Namugongo, wanasimuliwa kuwa walikufa wakiimba wimbo waliofundishwa na wamisioni, na wimbo huo ulikuwa wa Kiswahili.

Mwanga, mwana wa Mutesa, alikuwa ametawala miezi michache tu. Kutoka pwani zilikuja habari za Wadachi waliokuwa wakitwaa nchi. Kutoka mashariki alikuja Askofu Hannington, akauawa Busoga tarehe 29 Oktoba 1885. Balikuddembe alimlaumu Kabaka kwa kitendo hicho, naye akauawa tarehe 15 Novemba. Mwezi Mei mwaka uliofuata, vijana wa ua walipokataa matakwa ya Kabaka juu ya miili yao na kushikamana na mafundisho yao, hukumu ilitolewa Munyonyo. Walipelekwa Namugongo, wengine wakauawa njiani, na waliosalia wakafungwa juma zima huku kuni zikikusanywa. Tarehe 3 Juni Wakatoliki 13, pamoja na wenzao wa Kianglikana, walitiwa motoni wakiwa wamezongwa katika matete. Mmoja wao, Mbaga Tuzinde, alikuwa jamaa ya Mukajanga, mkuu wa wauaji. Mukajanga alimsihi sana ajifiche. Alipokataa, akaamuru apigwe shingoni afe kwanza, ili asiusikie moto.

Moto ule haukuwa wa kwanza hapo. Mwaka 1876 Mutesa aliwaua vijana Waislamu wa ua lake waliokataa kula nyama iliyochinjwa na watu wasiotahiriwa, na kukataa kusali nyuma ya mfalme asiyetahiriwa. Namugongo wahesabiwa kuwa mahali pa kufa kwao pia. Mahujaji wengi wa leo hawana habari yao.

Jambo hili laongeza uzito katika neno shahidi. Kiarabu chatofautisha shahid mwenye a ndefu, anayeshuhudia jambo, na shahid mwenye i ndefu, anayekufa katika njia ya Mungu. Kiswahili, kisichotofautisha maneno kwa urefu wa vokali kama hivyo, kimeyafanya mawili kuwa moja: shahidi wa barazani na shahidi wa imani huitwa kwa jina lile lile. Wakristo walipotafuta neno lao walilikuta tayari, nalo lalingana na Kiyunani, ambamo martis ni mwenye kushuhudia kabla hajawa mwenye kufa. Waganda hawakulikopa. Walichukua omujulizi, shahidi wa mashtaka, wakalipandisha daraja. Neno mfiadini, lipendwalo na baadhi ya waandishi Wakatoliki, laeleza kifo vizuri, ila lapoteza ushuhuda.

Yaliyofuata yalikuwa kinyume cha mwanzo huo. Mackay alitumaini kwamba siku moja Kiswahili kingekuwa lugha moja ya bara. Askofu Tucker, katika kitabu chake cha mwaka 1908, alieleza kwamba yeye alishikilia kinyume, kwa kuwa alikiona Kiswahili kuwa karibu mno na Uislamu. Gavana Gowers alipotaka mwaka 1927 Kiswahili kienezwe katika shule, maaskofu walipinga, na Kabaka Daudi Chwa akaandika dhidi yake mwaka 1929. Sababu za Kabaka zafahamika: alilinda lugha ya nchi yake. Sababu ya maaskofu ni ngumu zaidi kuitetea, maana kila walipotaja dini, msalaba, malaika na kitabu kwa Kiganda walikuwa wakitumia mali ya lugha waliyoikataa. Baadaye Kiswahili kilijulikana Uganda kama lugha ya askari, na katika miaka ya Idi Amin sifa hiyo ilikidhuru vibaya. Mabadiliko ya katiba ya mwaka 2005 yalikiweka kuwa lugha rasmi ya pili, lakini hofu ya zamani ingalipo, na wenye kuitaja huisema kana kwamba Kiswahili hakikuja Buganda na kitu ila bunduki na minyororo ya watumwa. Vitu hivyo vilikuja kweli katika misafara ile ile. Vilikuja pamoja na vitabu vya Unguja.

Siku za karibu na tarehe 3 Juni barabara za kwenda Namugongo hujaa watu waendao kwa miguu, wengine wakiwa wametoka Kenya, Tanzania, Rwanda na Kongo. Mganda huiita safari hiyo kwa kitendo cha lugha yake, okulamaga. Mkatoliki wa Kenya au Tanzania huiita hija, akitumia neno la Makka bila kuona ajabu, na huwaita wenzake mahujaji. Wafikapo huteremka ziwani kuteka maji katika chupa na madumu. Na kando ya maji hayo, kati ya rozari za Kiganda na za lugha nyingine nyingi, zile za Kiswahili husikika pia.