Mkoba na Dakika ya 89

Mwezi Mei 2024, ligi kuu ya besiboli ya Marekani ilimwongezea marehemu ushindi wa mechi 97. Kabla ya hapo vitabu vyake vilimtambua Satchel Paige kwa ushindi 28. Baada ya hapo vikasoma 125. Mwenyewe alikuwa kaburini tangu 1982. Kilichobadilika ni hesabu: mechi alizocheza katika ligi za Weusi, zama zile ambapo mtu mweusi hakuruhusiwa kucheza na Wazungu, hatimaye zilikubaliwa kuwa mechi.

Katika besiboli mrushaji husimama peke yake juu ya kituta cha udongo, mita 18 hivi kutoka kwa mpigaji, na kila anachokifanya huandikwa. Amerusha mara ngapi, amewatoa wangapi, amefungwa na nani. Wamarekani wanaweza kukusomea mechi ya miaka 100 iliyopita kama wanasoma risiti. Lakini Paige, ambaye wengi walioshindana naye walikiri hawajaona mfano wake, aliishi muda mrefu nje ya risiti hiyo. Alianza kulipwa kwa kurusha mwaka 1926. Alizunguka miji na vijiji kwa basi, akarusha leo hapa kesho kule, mara nyingine kwa timu asiyokuwa na mkataba nayo. Mwaka 1947 Jackie Robinson alipowafungulia Weusi mlango wa ligi kuu, Paige alikuwa ameshapita miaka 40. Timu ya Cleveland ikamsajili mwaka 1948, siku aliyotimiza miaka 42, na msimu huo akashinda mechi 6, akapoteza 1.

Kwa hiyo kwa miongo miwili na zaidi alitunzwa mdomoni. Inasimuliwa kwamba aliwaita wenzake wa nyuma waje wakae chini, kisha akamalizana na wapigaji yeye na mdakaji wake tu. Jina lenyewe ni la mdomoni. Satchel ni mkoba, na kwa maelezo yake alilipata utotoni akibeba mizigo ya abiria kwenye stesheni ya Mobile, Alabama.

Mtoto wa Kariakoo, Dar es Salaam, akiisikia hadithi hii haimwii ngeni. Sisi nasi wakubwa wetu wa soka tumewatunza kwa majina ya mitaani: Sunday Manara ni Computer, Abdallah Kibadeni ni King Mputa. Na mtaa wenyewe umebeba jina la wachukuzi. Carrier Corps ya Waingereza, jeshi la wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia, ikapita kwenye ndimi zetu ikawa Kariakoo. Wapagazi wale walikufa kwa maelfu, zaidi kwa njaa na kwa maradhi kuliko kwa risasi, na wengi mno hawana kaburi lenye jina. Sanamu ya Askari pale Posta inawakumbuka kwa jumla tu. Ninapowatazama makuli wa leo wakikatiza na mabunda ya vitenge kichwani, wakipiga kelele za kuomba njia, huwa nawaza ni kitu gani tungekijua kama karani mmoja wa jeshi angekuwa na bidii ya kuandika.

Nyuma ya Mtaa wa Msimbazi kuna kijiwe cha kahawa ninachopita baada ya alasiri. Muuzaji ana birika la shaba juu ya jiko la mkaa, ndoo ya kuoshea vikombe na sinia la kashata. Siku moja mzee mmoja shabiki wa Simba aliviomba vikombe vitano vitupu, akavipanga juu ya benchi.

"Huyu Kibadeni," akasema, akigusa kimoja kilichopasuka ukingoni. "Hawa wa Jangwani. Mpira ukatoka winga ya kushoto, hivi."

"Katikati, mzee mwenzangu," akasema mwingine. "Nilikuwepo. Ulitoka katikati."

Mechi yenyewe ni ya 19 Julai 1977, Simba 6, Yanga 0. Kibadeni alifunga dakika ya 10, ya 42 na ya 89. Jumanne Hassan Masimenti akaweka mawili, dakika ya 60 na ya 73, na moja Selemani Sanga wa Yanga akajifunga. Hadi ninapoandika haya hajatokea mwingine aliyefunga mabao matatu katika mechi moja ya watani wa jadi. Wazee wale wawili hawakugombania dakika hata kidogo. Dakika ziliandikwa. Waligombania mpira ulivyopita, mguu uliotumika, kipa alikuwa amesimama wapi. Nilipouliza Kibadeni alifunga mangapi maisha yake yote, kila mmoja alikuwa na idadi yake, na zilipishana kwa makumi.

Hapo ndipo ninapoona tofauti ya hazina hizi mbili. Karatasi ya Wamarekani inajua lini na mara ngapi. Kijiwe kinajua vipi: vumbi, bega lililoshuka, ukimya wa upande wa pili. Mimi ni mtoto wa kijiwe na sitaki kusikia kwamba hazina ya mdomo ni duni. Paige asingefika kwenye Jumba la Mashujaa wa besiboli mwaka 1971 kama watu wasingekuwa wamemsimulia kwa miaka 40 bila kuchoka. Ila ushindi wake 97 haukurudishwa na masimulizi. Ulirudishwa na magazeti ya Weusi, Pittsburgh Courier na Chicago Defender na mengineyo, ambayo waandishi wake walikaa juani wakajaza matokeo ya mechi ambazo magazeti makubwa hayakuzijali. Watafiti walipokuja kuzitafuta, walizikuta.

Ipo njia ya tatu ya kuwatunza wakubwa, na wenye nayo wamefika hapahapa Ilala. Pale Azania Sekondari, Upanga, Wajapani walianza kuwafundisha wanafunzi besiboli mwaka 2012, na baadaye ukajengwa uwanja wake. Vijana hujipanga mistari miwili na kuinamiana kabla ya mechi. Nilimtazama mmoja akiwa juu ya kituta: alisawazisha udongo kwa ncha ya kiatu, akauficha mpira ndani ya glavu, akavuta pumzi, mguu ukapanda hadi kifuani. Mpira ulipogonga glavu ya mdakaji ulilia kama mlango uliofungwa na upepo.

Wajapani wana Sawamura Eiji. Mwaka 1934, akiwa na miaka 17, aliwakabili nyota wa Marekani waliozuru nchi yake akawatoa wanne mfululizo, Babe Ruth na Lou Gehrig wakiwemo. Mechi aliipoteza 1-0. Kisha jeshi likamchukua, mkono ukaharibika kwa kurusha mabomu, na mwaka 1944 meli iliyombeba ikazamishwa. Alikuwa na miaka 27. Tangu 1947 mrushaji bora wa mwaka hupewa tuzo yenye jina lake. Kwa hiyo kila inapotolewa jina lile lazima litamkwe, na kijana anayelipokea lazima aulize lilikuwa la nani.

Kwetu Kibadeni alirudi kwa njia nyingine. Aliyekuwa katika kikosi cha nusu fainali ya klabu bingwa Afrika mwaka 1974 aliifundisha Simba iliyofika fainali ya Kombe la CAF mwaka 1993. Ni urithi mkubwa, lakini tuzo yenye jina lake kwa mfungaji wa dabi ingekuwa jambo dogo la kufanya, na ningependa kuiona ikitolewa yeye mwenyewe akiitazama.

Kijana aliyekuwa na miaka 20 siku ile ya Julai sasa anaelekea 70. Wiki iliyopita benchi la kahawa lilikuwa na nafasi, na yule mzee wa "katikati" hakuwepo. Mwenzake alikaa peke yake. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba mwanangu, nikakaa, nikafungua daftari la mistari nililonunua njiani.

"Nianzie wapi?" akauliza.

"Lile la dakika ya 10."

Akamwomba muuzaji vikombe vitano, akakitafuta kwanza kile kilichopasuka.