Kumbukumbu Iliyosukwa

Kuna mzaha mmoja ambao nimeusikia mara nyingi mno hata umeniishia utamu. Husemwa kwamba kompyuta iliyowafikisha binadamu mwezini mwaka 1969 ilikuwa na akili ndogo kuliko kikokotoo cha mwanafunzi, na msemaji hucheka kana kwamba waliofanya kazi ile walikuwa watu wa kuonewa huruma. Hesabu yenyewe haina ubishi. Kompyuta ya Apollo ilikuwa na maneno 36,864 ya kumbukumbu ya kudumu na maneno 2,048 tu ya kumbukumbu inayofutika, kila neno likiwa na biti 16. Lakini anayecheka hapo hajajiuliza lililo kubwa: kitu gani kiliwekwa katika kumbukumbu ile ya kwanza, kitu gani katika ya pili, na ni mikono ya nani iliyokiweka?

Tuanzie nyuma kidogo, msomaji. Miaka ya 1940 wajenzi wa kompyuta walikwisha kujua namna ya kupiga hesabu kwa umeme. Lililowashinda ni kuyahifadhi matokeo mahali ambapo mashine ingeyapata papo hapo. Katika chuo cha MIT, huko Marekani, Jay Forrester na wenzake walikuwa wakijenga mashine iitwayo Whirlwind, ambayo ilianza kama mpango wa jeshi la majini wa kuwafundishia marubani wakiwa ardhini. Mashine ya namna hiyo haiwezi kumwambia rubani angoje. Mirija waliyohifadhia tarakimu ilikuwa ghali na yenye kuharibika upesi. Mwaka 1953 wakaweka badala yake vipete vidogo vya sumaku vilivyopitishiwa nyaya, kila kipete kikishika tarakimu moja kwa mwelekeo wa usumaku wake, nao usumaku hubaki hata umeme ukizimwa. An Wang, mzaliwa wa Shanghai aliyekuwa Harvard, naye alikwisha kuombea hataza mwaka 1949 kwa njia yake ya kutumia vipete vya aina hiyo. Mabishano juu ya sifa na fedha yalichukua miaka. Ya MIT na kampuni ya IBM yalikwisha mwaka 1964 kwa malipo ya dola milioni 13. Wenye hataza, kama ilivyo ada, walikumbukwa vizuri.

Mwaka 1961 maabara nyingine ya MIT, ile ya Charles Stark Draper, ilikabidhiwa kazi ya uongozaji wa vyombo vya Apollo. Hapo kompyuta ilibadilika tabia. Haikukaa tena chumbani kungoja kuletewa kazi. Ilipachikwa ndani ya chombo kama ini ndani ya mwili, na baada ya roketi kuruka hakuna fundi ambaye angeweza kuifikia. Ilikuwa na uzito wa kilo 32 hivi. Programu yake ilipaswa isifutike kwa mtikisiko wala kwa umeme kukatika.

Dawa waliyoipata waliiita kamba. Waya ukipita ndani ya kipete, hiyo ni moja. Ukipita kando yake, hiyo ni sifuri. Basi. Kipete kimoja kilihudumia njia 192 za waya, yaani maneno 12 mazima, na kwa hila hiyo programu ndefu ilienea mahali padogo. Kazi ya kuzisuka kamba hizo ilifanywa na kampuni ya Raytheon katika mji wa Waltham, Massachusetts, mji uliokuwa na historia ndefu ya viwanda vya nguo na vya saa. Waliosuka walikuwa wanawake. Mashine iliyoongozwa na utepe wenye matundu iliuleta mbele ya mfanyakazi ule uwazi uliotakiwa, naye akapitisha sindano yenye waya. Utepe ukasogea, akapitisha tena. Kamba moja ilichukua wiki kadhaa.

Aliyelelewa pwani akielezwa jambo hili huuona ukili mara moja. Msusi akikosea mwaa mmoja, nakshi yote inayofuata hupotoka, na hana la kufanya ila kufumua. Kamba ya Apollo ilikuwa kali zaidi ya hapo, kwa kuwa baada ya kupimwa ilifunikwa kwa utomvu mgumu, na tangu hapo kufumua kukawa ni mashaka makubwa. Kwa hiyo waandishi wa programu, kina Margaret Hamilton na wenzake, ilibidi wamalize kazi miezi mingi kabla ya safari.

Wahandisi waliipachika kumbukumbu hiyo jina la utani: kumbukumbu ya bibi vizee. Yawezekana walilisema kwa mapenzi. Mimi silipendi. Katika picha nyingi za kiwanda nilizoziona, mashine imeandikwa jina lake na mwanamke aliyeinamia sindano hakuandikwa la kwake, ingawa roho za watu watatu zilining'inia kwenye uangalifu wake.

Kisa cha Julai 20, 1969 kinajulikana, nami sitakirefusha. Neil Armstrong na Buzz Aldrin wakiwa wanashuka, kompyuta ilitoa onyo namba 1202. Rada isiyohitajika saa ile ilikuwa ikila muda wa kompyuta, kazi zikarundikana hata nafasi katika kumbukumbu inayofutika zikajaa. Programu ikajianzisha upya, ikatupa kazi ndogo ndogo na kushikilia usukani. Kule Houston, Steve Bales, akisaidiwa na Jack Garman, akasema waendelee.

Mimi huvutwa zaidi na safari ya Apollo 14. Alan Shepard na Edgar Mitchell walikuwa wakiuzunguka mwezi, zikiwa zimebaki saa chache washuke, pale kompyuta ilipoanza kupata ishara kwamba swichi ya kuvunja safari imebonyezwa. Hakuna aliyeibonyeza. Mitchell alipogonga paneli ishara ikatoweka, kisha ikarudi. Ilidhaniwa kwamba kijipande cha risasi ya kulehemu kilikuwa kikielea ndani ya swichi. Kama ishara ile ingetokea wakati wa kushuka, programu ingeivunja safari na kuwarudisha juu mara moja. Ndivyo ilivyosukwa, na kamba haikuweza kusukwa upya angani.

Don Eyles, kijana aliyekuwa ameandika sehemu ya programu ya kutua, aliketi Massachusetts akatafuta pa kupenyea. Njia ilikuwa katika yale maneno 2,048. Akabuni namna ya kuandika humo namba itakayoifanya kompyuta iamini kwamba safari imekwisha kuvunjwa tayari, ili isishughulike tena na swichi. Maagizo yakasomwa kwa redio, Mitchell akayabonyeza kidole kwa kidole. Tarehe 5 Februari 1971 wakatua Fra Mauro. Ndani ya kamba zilizotoka Waltham hapakubadilika hata biti moja.