Kusomea programu za seva mtandaoni: Mazoezi ndiyo kozi, si video

Na Mwandishi Wetu

MTEJA anapobonyeza kitufe cha kulipa katika tovuti, anachokiona ni maneno machache ya kumjulisha kwamba malipo yamepokewa. Asichokiona ni kazi iliyofanyika katika kompyuta nyingine, pengine iliyo katika nchi ya mbali: kuhakikisha kwamba yeye ndiye mwenye akaunti, kuangalia salio, kupunguza fedha, kuandika kumbukumbu ya muamala na kurudisha jibu.

Kompyuta hiyo huitwa seva. Wanaoandika programu zake ni tofauti na wenzao wanaoshughulikia mwonekano wa kurasa, ingawa wapo wanaozimudu kazi zote mbili.

Fani hii sasa inaweza kusomwa nyumbani kupitia mtandao, mara nyingi bila ada. Hata hivyo, kuanza ni jambo moja na kumaliza ni jingine. Katika mwaka wa kwanza wa kozi zilizotolewa kupitia edX, jukwaa lililoanzishwa mwaka 2012 na Chuo Kikuu cha Harvard pamoja na taasisi ya MIT za Marekani, kulikuwa na usajili 841,687. Vyeti vilivyotolewa vilikuwa 43,196, yaani takriban asilimia 5. Zaidi ya theluthi moja ya waliojiandikisha hawakufungua hata somo moja.

Kwa haki, wengine walijiandikisha kwa udadisi tu. Lakini kwa kijana anayetaka ajira, kasoro kubwa ni ile ya kutazama video mpaka mwisho, kutikisa kichwa kwa kuelewa, kisha kushindwa kuandika mistari 10 ya programu mwenyewe.

Mfano mzuri wa kozi isiyoruhusu hali hiyo ni CS50 ya Harvard, inayofundishwa na David Malan tangu mwaka 2007 na kupatikana kwenye edX tangu 2012. Kuisoma ni bure. Anayelipia ni yule anayetaka cheti kilichothibitishwa na jukwaa hilo. Video zake zinaweza kupakuliwa na kutazamwa baadaye, nafuu kubwa kwa anayetumia kifurushi cha simu.

Si kozi ya seva peke yake, na hapo ndipo wenye haraka hukata tamaa. Wiki za mwanzo hutumia lugha ya C, ambayo humtaka mwanafunzi ajue jinsi kumbukumbu ya kompyuta inavyogawanywa. Python huja katika wiki ya sita, na SQL, lugha ya kuulizia hifadhidata, katika wiki ya saba. Mwandishi wa makala haya anaona kwamba kuziruka wiki hizo za mwanzo ni kujinyima msingi, ingawa ndizo zinazochosha kuliko zote.

Katika wiki ya SQL, mwanafunzi hupewa hifadhidata ya mji wa kubuni uitwao Fiftyville, ambako bata wa kozi hiyo ameibwa. Hakuna anayemweleza mwizi ni nani. Hulazimika kupekua kumbukumbu za simu, za mashine za kutolea fedha na za abiria wa ndege, akiunganisha jedwali moja na jingine mpaka ampate.

Wiki hiyohiyo hufundishwa jambo ambalo kila anayeshughulikia fedha za watu anapaswa kulielewa. Watu wawili wanaishi pamoja na wana jokofu moja. Wa kwanza anakuta hakuna maziwa, anakwenda dukani. Kabla hajarudi, wa pili anafungua jokofu, naye anakwenda dukani. Mwishowe maziwa yananunuliwa mara mbili.

Sasa badala ya maziwa weka salio la Sh50,000, na maombi mawili ya kutoa Sh40,000 yanayofika kwa wakati mmoja. Kila ombi linasoma salio, linakuta fedha zinatosha, linapitishwa. Akaunti yenye Sh50,000 imetoa Sh80,000, na hakuna mwizi aliyeingia. Dawa yake ni kuifanya hifadhidata ishughulikie ombi la kwanza hadi mwisho kabla la pili halijagusa salio hilo.

Zoezi la wiki ya tisa huyaunganisha haya yote. Mwanafunzi hujenga tovuti ya kununua na kuuza hisa kwa fedha za kuigiza, ambapo kila anayejisajili huanza na dola 10,000. Neno la siri halihifadhiwi kama lilivyoandikwa, bali hugeuzwa kuwa mfuatano wa herufi usiorudishika, ili hata anayeiba hifadhidata asiyaone maneno yenyewe. Aidha, hufundishwa kutoyaamini maandishi ya mtumiaji, kwani mtu mwenye nia mbaya anaweza kuandika amri ya hifadhidata mahali pa jina.

Majibu ya mazoezi hayo yamezagaa mtandaoni. Kuyanakili ni kuvunja kanuni za kozi, na anayefanya hivyo huumbuka kwenye usaili anapotakiwa kueleza kila mstari.

Wasiotaka kuanzia mbali wanaweza kutumia freeCodeCamp, shirika lisilo la faida lililoanzishwa mwaka 2014 na Quincy Larson, ambalo masomo na vyeti vyake havilipiwi.

Inafaa pia kuhifadhi kazi na vyeti katika kompyuta yako. Jukwaa la edX liliuzwa mwaka 2021 kwa kampuni ya 2U kwa dola milioni 800, na Julai 2024 mnunuzi huyo akaomba hifadhi ya mahakama dhidi ya wadai wake.

Kwa aliyemaliza, zoezi linalofuata liko karibu. Safaricom ya Kenya, iliyoanzisha M-Pesa mwaka 2007, ilifungua mwaka 2017 mfumo wa Daraja unaowawezesha waandishi wa programu kuunganisha tovuti zao na huduma hiyo, ukiwa na eneo la majaribio lisilogusa fedha halisi. Jenga duka dogo huko. Kisha itumie seva yako taarifa ileile ya malipo mara mbili, uone kama itamhesabia mteja malipo moja au mawili.