Kasongo na damu iliyoficha ugonjwa

Tarehe 27 Februari 1905, daktari Joseph Everett Dutton wa chuo cha tiba za nchi za joto cha Liverpool alifia Kasongo, mashariki mwa Kongo, kwa ugonjwa uleule aliokuwa akiuchunguza: homa ya papasi. Alikuwa na umri wa miaka 30. Mwenzake, Mkanada John Lancelot Todd, naye aliambukizwa, ila yeye akapona.

Kasongo palikuwa mahali pa kukutana na papasi. Tangu miaka ya 1870 ulikuwa mji wa mfanyabiashara Tippu Tip, na misafara ya pembe na watumwa ilipita Kabambare kuelekea Ujiji. Papasi huishi katika nyufa za kuta na vumbi la sakafu. Usiku hutoka, humnyonya aliyelala kwa muda mfupi, kisha hurudi mafichoni. Kwa kuwa anaweza kukaa miezi mingi bila kula, mkeka au mzigo wa mpagazi ulitosha kumhamisha kutoka kituo hadi kituo.

Dutton na Todd waliwaachia papasi wawaume tumbili, na tumbili wakaugua. Hata papasi wachanga waliozaliwa na mama mwenye vijidudu waliambukiza, ingawa hawakuwa wamemnyonya mgonjwa yeyote. Kijidudu chenyewe, kilichojipinda kama uzi wa parafujo, baadaye kiliitwa Borrelia duttonii. Taabu yake ni kwamba homa ikishuka hakionekani tena kwenye damu, hata ukikodoa macho kwenye hadubini. Siku chache baadaye hurudi na sura nyingine, na mgonjwa huanza kutetemeka upya.

Malale, ugonjwa uliowaleta Kongo hasa, ulikuwa mgumu zaidi kuuona. Dutton mwenyewe ndiye aliyevipa jina vimelea vyake vilivyopatikana Gambia, Trypanosoma gambiense. Lakini katika damu ya mgonjwa huwa vichache mno, kwa hiyo Todd alishika kupapasa tezi za shingo na kuzivuta maji kwa sindano. Serikali ya kikoloni ikaigeuza njia hiyo kuwa amri: vijiji vilipangwa mstari, shingo zikapapaswa, na waliokutwa na tezi wakatengwa na jamaa zao katika lazareti, kambi za wagonjwa. Historia ya tiba haina haki ya kuipita dhuluma hiyo haraka.

Likabaki swali la pili: je, vimelea vimeshafika ubongoni? Jibu lilitafutwa kwa sindano ya mgongo. Lilikuwa swali la uhai, kwani melarsoproli, dawa yenye aseniki ya walioathirika ubongo iliyoanza kutumika 1949, iliua wagonjwa wapatao 5 katika kila 100 waliopewa.

Hapo ndipo metabolomiki inapoingia. Badala ya kumsaka mdudu mwenyewe, hupima kwa pamoja mamia ya molekuli ndogo za damu, mkojo au maji ya uti wa mgongo: sukari, asidi za amino, mafuta. Mdudu anaweza kujificha, lakini hawezi kula bila kuacha mabaki. Vimelea vya malale vikiwa ndani ya damu huishi kwa sukari ya mwenyeji na kutema piruveti kama taka, na mwili nao hubadili kemia yake ukipambana navyo. Kisukari nacho huchunguzwa hivyohivyo: mwaka 2011 watafiti wa Marekani walionyesha kuwa asidi tano za amino hupanda katika damu miaka hata 12 kabla ya ugonjwa kujitokeza.

Kwa malale, sampuli za wagonjwa wa Uganda zilipimwa, na matokeo yakatoka 2016: molekuli mbili za maji ya uti wa mgongo, neopterini na 5-hidroksitriptofani, zilitenganisha vizuri walioathirika ubongo na wasioathirika. Malale ya wagonjwa hao wa Uganda, hata hivyo, yalikuwa ya aina ya rhodesiense, si gambiense ya Maniema, mkoa ulipo Kasongo. Ila neopterini ilikuwa imeshapimwa pia kwa wagonjwa wa gambiense wa Kongo, nayo ikapanda vilevile.

Mashine za kazi hiyo ni nzito, zinataka umeme usiokatika na sampuli zilizogandishwa, mambo adimu katika zahanati ya kijijini. Kinachotakiwa Kasongo ni kipimo cha kijiti kwa molekuli moja au mbili zilizothibitishwa. Kwa upande wa dawa, tangu 2018 kuna fexinidazole, vidonge vya kumeza vinavyotibu hatua zote mbili, ya damu na ya ubongo, na wagonjwa wengi hawahitaji tena sindano ya mgongo. Anayeonyesha dalili kali za ubongo bado huchomwa sindano hiyo.